Mikopo ya biashara kwa mstaafu wa jeshi: ipi inafaa Lamu?

Mstaafu wa KDF (jeshi la ulinzi la Kenya) anayerudi Lamu na azma ya kununua boti, kufungua duka la nyavu au kuuza barafu ana njia kadhaa za kukopa. Tumezipima kwa kigezo ambacho karatasi za benki hazikitaji: je, marejesho yatalipika wakati wa kusi? Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi bahari huchafuka, uvuvi hupungua na wageni huadimika. Mapato hurudi kaskazi ikishika, kuanzia Novemba. Mkopo uliochukuliwa Machi huanza kudaiwa Aprili, boti ikiwa imefungwa ufukoni.

Alama ya juu tunaupa mkopo wa benki unaokatwa kwenye pensheni. Makato yanaendelea hata boti isipotoka, na hulazimiki kuweka rehani shamba, jambo kubwa huku pwani ambako wengi hawana hati. Benki itataka pensheni ipitie akaunti yake. Kabla ya kutia saini, uliza riba inahesabiwaje. Shilingi 300,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, kwa miaka 3: riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, utalipa karibu 9,964 kila mwezi, na riba yote itafika kama 58,700. Ikihesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa 11,333 kila mwezi, na riba itafika 108,000. Asilimia ni ile ile! Uliza pia ada ya mkopo na bima, maana mara nyingi hukatwa mwanzoni, ukajikuta umepungukiwa na bei ya mashine ya boti. Makato yasizidi theluthi ya pensheni. Hiyo hiyo ndiyo inayolisha nyumba.

Sacco, chama cha akiba na mikopo, ni nafuu, na kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Udhaifu wake kwa mstaafu ni wadhamini: wenzake wamebaki kwenye kambi za Nanyuki au Gilgil, na makato ya mshahara yaliyokuwa yakilipa yenyewe yamekoma. Weka agizo la benki la kulipa kila mwezi kabla ya siku ya kustaafu. Wengi hukimbilia kujitoa ili wapate akiba yao taslimu, na hapo ndipo wanapokwama: akiba haitoki mpaka mikopo waliyodhamini ilipwe au apatikane mdhamini mwingine. Baki mwanachama, ukope.

Asiyetaka riba ana murabaha, inayotolewa na benki za Kiislamu kama Gulf African Bank. Benki inanunua mashine ya boti, kisha inakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, ulipe kwa awamu. Peleka ankara ya muuzaji, na usilipe chochote dukani kwanza. Kitu ulichokwisha kununua benki haiwezi kukuuzia, na ombi litakataliwa. Omba awamu ya kwanza iangukie Novemba. Hili hujadiliwa kabla ya mkataba, si baada yake.

Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, haifai kununulia mashine, na hatuoni sababu ya kumshauri mtu ajaribu. Mkopo wa mtu binafsi una kikomo cha 50,000, unalipwa ndani ya siku 14 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 inabaki kuwa akiba: ukiomba 10,000 unapata 9,500 mkononi. Kwa muuza samaki anayenunua alfajiri na kumaliza jioni, ni pesa nzuri na rahisi. Mwenye boti atadaiwa kabla hata faiba ya boti haijakauka.

Njia yoyote utakayochagua, chukua kwanza ripoti yako ya CRB, kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji. Moja kwa mwaka ni bure. Deni dogo la simu lililosahaulika wakati wa operesheni linatosha kukunyima mkopo, na kusafisha jina huchukua muda. Anza Julai, upate pesa Septemba, mashine ifungwe Oktoba.