Skechibuku ya bei chee na kalamu ya wino, nimeitumia wiki tatu

Wadau nimechukua skechibuku ya A5 Kariakoo kwa elfu nne na mia tano, karatasi gramu 100 kwa mita ya mraba, maana yale madaftari ya Kijapani bei yake aisee hapana. Kalamu yangu ya Kijerumani, Lamy Safari yenye nibu (ncha) ya M, yaani ya kati, imenisumbua, mstari unatanuka, ukiangalia kwa karibu wino umetoa vijinyuzi pembeni kama mizizi ya kitunguu, na ukituliza nibu kwenye nukta sekunde mbili tu unatokea upande wa pili. Karatasi nyingi za penseli hazina gundi ya kutosha kuzuia wino usizame, kwahiyo msidanganyike na unene, karatasi ya Kijapani ya Tomoe River ina gramu 52 tu na wino hauvuji.

Ila nikatumia kalamu ya Kijapani ya Pilot yenye nibu F, yaani nyembamba, F ya Wajapani ni nyembamba kuliko ya Wajerumani, mambo yakabadilika kabisa, herufi safi na naandika pande zote mbili. Halafu wino unakauka fasta, mimi natumia kushoto, kiganja siku zote kinakuwa bluu lakini humu hapana! Vinyuzi vya karatasi vinanasa kwenye nibu, ifute tu na kitambaa. Ntanunua nyingine mbili.