Kalamu nzuri, lakini fundi hataki kusema ni mbao gani

Juzi juzi nilimpa fundi mmoja wa upande wa Ngong Road kazi ya kalamu ya mbao, zawadi ya babangu anayestaafu ualimu. Nilitaka mpingo mweusi uungwe na mbao nyeupe. Kazi yenyewe sina neno. Ukipitisha kidole huhisi pale gundi ilipokutanisha mbao mbili. Nilikuwa tayari kumsifu kwa kila mtu.

Kisha nikauliza: huu ukanda mweupe ni wa mti gani?

Hakuinua hata macho kutoka kwenye mashine ya kukereza. "Mbao ni mbao. Unataka kuandika ama unataka kuila?"

Eti kuila! Babangu hutafuna kalamu. Kwa miaka yote ya kusahihisha madaftari, hakuna biro nyumbani isiyo na alama za meno yake. Nikamweleza hivyo kwa upole. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Ukambani, na kwetu sumu ya mishale ilichemshwa kutoka kwa magome na mbao za msungu, mti ambao hata misitu ya Nairobi inao. Oleanda nayo imejaa kwenye nyua za mitaa, na ni sumu kuanzia jani hadi shina. Akanijibu nilipe ama niache, kuna watu wanangoja.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kijana wake tu, anapiga msasa bila barakoa, macho mekundu, anakohoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, na fundi wa miaka hiyo yote hawezi kuniambia halijui. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa.

Labda ni jakaranda tu, ambayo wachongaji wetu huitumia kila siku. Labda aliokota kipande kwenye mabaki na hata yeye hakijui. Basi aseme "sijui"! Ni neno moja.

Nilitaka kuwaambia msiende kwake. Lakini kila nikiishika hii kalamu naona mkono wa fundi wa kweli, sijapata kazi safi hivi kwingine. Nendeni, ila pelekeni mbao zenu wenyewe. Hapana, msiende, mpaka amnunulie yule kijana barakoa.

Sherehe ya mzee imeshapita. Nilimpa saa. Kalamu iko kwenye droo yangu, bado imefungwa kwa karatasi.