Uzoefu wangu na linka ya Open Watcom kwenye programu ya DOS yenye ovalei

Wadau, Open Watcom (kompaila ya C) naitumia huu mwezi wa tatu kujengea programu yangu ya stoo inayokaa kwenye mashine ya 386 yenye FreeDOS, na leo naongelea linka yake tu, wlink, yaani chombo kinachounganisha mafaili yaliyokompailiwa yawe EXE moja, maana ndiko nilikokesha.

Programu imekua mpaka haitoshi tena kwenye zile KB 640 za DOS, ikabidi niikate vipande, yaani ovalei: shina linakaa kwenye memori muda wote, halafu moduli ya ripoti na ya mauzo zinapokezana nafasi ileile, inayohitajika ndo inavutwa kutoka diski. Kwenye faili la maagizo ya linka, ambamo kila kipande ni section, unaandika system dos, option dynamic, option map, kisha file kuu, begin, section file ripoti, section file mauzo, end. Basi.

Siku ya kwanza nikapigwa na kosa E2028, eti fankisheni soma_ haijulikani ilipo. Faili lenye soma nimeliweka, naliona kwa macho yangu! Jioni nzima nahamisha section huku na huku nikiamini ovalei ndo zinaleta shida, kumbe Watcom kwa kawaida inabandika kistari cha chini mwishoni mwa jina la fankisheni, na ile soma niliiandika kwa asembla nikaweka kistari mbele, _soma, mtindo wa C za zamani. Kwa linka hayo ni majina mawili kabisa. Nikaitangaza upande wa C kwa __cdecl, mtindo unaoweka kistari mbele, kosa likaondoka palepale. Kwa hiyo ukiona E2028, lisome jina herufi kwa herufi, fungua faili la map (orodha ya majina inayotolewa na option map) ulinganishe, ndo uguse mpangilio wa section.

Kosa la pili lilikuwa DGROUP, kundi la data ya kawaida ya programu, kuzidi KB 64. Hili linawachanganya wengi: kinachopokezana nafasi ni maelekezo ya programu, data inabaki shinani, so hata ukate section ishirini DGROUP haipungui. Nilihamisha majedwali makubwa kwa __far, yakatoka kwenye hilo kundi.

La tatu ndo liliniumiza zaidi kwa sababu linka haikulalamika hata kidogo, EXE ikatoka safi, nafungua ripoti inakuja vizuri, nikirudi kwenye menyu mashine inaganda, nazima nawasha, inaganda tena palepale. Moduli moja kwenye makefile yangu (faili la maagizo ya kujenga programu) ilikuwa haina swichi ya -of, inayoifanya steki iweze kufuatwa. Ovalei za dynamic lazima moduli ZOTE zikompailiwe na -of, maana msimamizi wa ovalei anafuata steki, yaani rekodi ya miito kwenye memori, kujua nani alimwita nani, akikuta kipande kimeshafunikwa akirudishe kabla ya kurudi. Na modeli ya memori iwe inayoruhusu miito ya mbali, yaani kuita fankisheni iliyo kwenye segimenti nyingine, mimi natumia -ml (modeli kubwa), ukichanganya na faili la -ms (modeli ndogo) unajitafutia balaa.

Mimi naipa nyota tano, na hasa kwa sababu ya ile map, inakuonyesha kila simboli imekaa section gani. Tangu nirekebishe -of ripoti zinafunguka na menyu inarudi kila mara. Imebaki moduli ya kuprinti, naiwekea section yake wikendi hii.