Kliniki hii wanapima kwanza ndo wanakudunga, nyota 4

Haya, nimesita sana kuandika hii lakini wacha niandike, jina langu hamlijui.

Mwezi uliopita nkikojoa naskia moto, siku ya pili usaha kwa boksa. Kama wanaume wengi wa mtaani nkakimbilia kemisti, sitaitaja, nkamnong'oneza kijana wa kaunta na kabla sijamaliza ashanifungia sipro (vidonge vya antibayotiki) kwa bahasha ya kaki, mia mbili, "utapona bro". Siku tatu hivi moto ukapoa nkajua yameisha, wiki ya pili ukarudi na hasira zake zote. Ndo jamaa yangu mmoja wa tuktuk akanielekeza hapa ghorofani, karibu na Mwembe Tayari, Mombasa.

Kuingia nakuta daktari ni mama mtu mzima kajifunga mtandio, rika la mamangu, miguu ikanilegea. Nkamwambia naumwa na kichwa. Akaniangalia tu. "Mwanangu, kichwa gani hicho cha kukufanya ukae upande upande? Funga mlango, niambie." Nkacheka nkatoa yote.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakukimbilia dawa. Aliniuliza nimekojoa mara ya mwisho saa ngapi, nkamwambia sai hivi hapo chooni kwenu, basi akanirudisha benchi saa nzima manake mkojo wa mwanzo ukiwa umekaa ndo unabeba vidudu, ukishakojoa umeviosha. Kisha kijiti cha pamba kule kwenye tundu (sielezi, mtajionea), wakapaka kwa kioo wakatia rangi. Kijana wa maabara akaniita nichungulie kwa darubini, vitu vya waridi viwili viwili vimekaa uso kwa uso kama punje za buni, vimejaa ndani ya seli za usaha, ndo vidudu vya kisonono hivyo. Tangu siku hio kahawa ya kijiweni naiangalia vingine.

Daktari akanieleza kuwa sipro kisonono kimeshaizoea siku hizi, hakishtuki. Akanidunga seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, ya matako, inauma usidanganywe, na vidonge vya doksi (doxycycline) vya siku 7 asubuhi na jioni kwa sababu klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hupenda kuandamana na kisonono na kwa ile darubini haionekani. Damu wakapima kaswende na HIV, safi zote alhamdulillah, ila ya HIV nirudie baada ya miezi 3, na lau ningekuja ndani ya masaa 72 ya tendo lenyewe kuna vidonge vya kuzuia HIV, lakini mimi nshapoteza wiki mbili na sipro ya mia mbili.

Sasa mke. Nlidhani ntapewa dawa zake nimtilie kwa chai (msinicheke), mama wa watu akanitolea macho. Akanipa kikaratasi hakina jina la ugonjwa, nambari tu, nimpe aje mwenyewe apimwe, manake mwanamke anaweza kuwa nayo asiskie chochote huku yampandia kwenye mirija ya uzazi. Alikuja. Nlivomwambia na nlivolala kwa kochi hayo si ya hapa. Wiki nzima marufuku kugusana, ingawa kwa hali ilivokuwa nyumbani hata sikuhitaji daktari wa kunikataza.

Nyota moja nimeitoa kwa dirisha la malipo. Dada wa pale ana sauti ya makanga wa Likoni, "nani ametoka kudungwa ya kisonono, 2,500!" na benchi limejaa watu, wengine wana watoto. Nkajifanya nasoma bango la chanjo mpaka mzee mmoja akaniambia "nenda ulipe tu kijana". Hio warekebishe.

Na doksi mtu ameze ameshashiba, maji glasi nzima na asilale hapo hapo, daktari aliniambia nkajitia ujuaji, nkameza na funda moja nkajilaza, kifua kilinichoma mpaka alfajiri.