Sierra de Grazalema: vijiji vyeupe ni vizuri, ila njia za miguu ndo zenyewe

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata ntaeleza imeenda wapi. Sierra de Grazalema ni hifadhi ya milima iliyo kusini mwa Hispania, Andalusia, imekaa mpakani mwa mikoa ya Cádiz na Málaga, na wengi wanaofika huko wanafuata vile vijiji vyeupe vya kwenye picha, pueblos blancos. Wanakodi gari Sevilla au Málaga asubuhi, wanavipitia vijiji vitano kwa siku moja, wanashuka, selfi, kahawa, wanapanda tena, jioni wako barabarani kurudi na wanakwambia Grazalema wameimaliza. Wameimaliza wapi jamani. Walichoona ni lami na kuta zilizopakwa chokaa, hifadhi yenyewe inaanzia nyuma ya hizo nyumba na huko gari haliingii.

Kwa ambao hawaijui, ni eneo la hekta zaidi ya 53,000, UNESCO waliliweka kwenye orodha ya hifadhi za bayosfia, yaani maeneo ambayo asili na maisha ya watu vinatunzwa pamoja, mwaka 1977 na mwaka 1984 likawa hifadhi ya asili ya kwanza kutangazwa Andalusia. Kilele kikubwa kinaitwa El Torreón, zaidi ya mita 1,600. Sasa ukisikia kusini mwa Hispania unawaza jua na ukame, lakini kijiji cha Grazalema ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini humo, wastani wake kwa mwaka unavuka milimita 2,000, maana mawingu yanatoka Atlantiki yamejaa maji na hii milima ndo kizuizi kirefu cha kwanza yanachokutana nacho, basi yanamwaga hapohapo. Kwa hiyo koti la mvua usiache hotelini hata kama asubuhi mbingu iko safi kabisa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba pamoja na mvua yote hiyo ukiwa juu huoni mito. Mlima wote ni mawe ya chokaa, maji yanazama kwenye nyufa na kupotea chini kwa chini. Upande wa kijiji cha Montejaque walijenga bwawa miaka ya 1920, ukuta mkubwa wa maana wa kuzalisha umeme, na maji yakakataa kukaa, yakawa yanavujia kwenye mwamba kupitia pango la Hundidero na kwenda kutokea upande wa pili kwenye pango linaloitwa Cueva del Gato. Ukuta upo mpaka leo. Unaenda, unasimama juu yake, unaangalia bwawa lisilo na maji, na wahandisi wa enzi hizo unawaonea huruma kidogo.

Haya, njia. Kama una nafasi ya moja tu nenda El Pinsapar, inayoanzia barabarani juu kidogo ya Grazalema na kuishia kijiji cha Benamahoma, kama kilomita 12 hivi. Mwanzo ni mlima mtupu, unapanda zigizaga kwenye mawe na kifua kinawaka, ukishavuka lile bega la mlima njia inakaa sawa na unaingia msituni upande wa kaskazini ambako jua halipigi sana. Hapo ndo ipo pinsapo, mti wa jamii ya misonobari uliobaki tangu dunia ilivyokuwa baridi, na kiasili unaota kwenye milima michache tu ya hukuhuku kusini mwa Hispania, yaani hapa, Sierra de las Nieves na Sierra Bermeja, basi. Shika tawi lake uangalie vizuri. Majani ni mafupi, magumu, yamezunguka kijiti pande zote kama brashi ya kuoshea chupa, ukilibana kwa vidole linachoma, na matunda yake hayaning'inii, yamesimama wima juu ya tawi. Ndani ya ule msitu kuna giza la kijani, sauti zinakufa, hata wale wanaopenda kupiga stori njia nzima wananyamaza wenyewe.

Shida ya njia hii ni kwamba haizunguki. Unaanzia hapa unatokezea kule, na gari lako limebaki ulikoanzia. Mabasi yapo ila ni ya kuhesabu, na wikendi ndo usiseme, kwa hiyo ama mnakuwa na magari mawili, ama mnapanga teksi mapema kabla ya kuanza kutembea, ama mnageuza na kurudi mlikotoka ambapo siku yote imeisha. Kule ndani netiwaki nayo inakuja na kuondoka, ukisema ntaita teksi nikifika utakaa Benamahoma mpaka uzoee. Pakua ramani kwenye simu kabisa.

Ya pili ni Garganta Verde, korongo lililo upande wa kijiji cha Zahara. Hii ni fupi kwa umbali lakini isikudanganye, unashuka ngazi na mawe mpaka chini kwenye mkondo wa mto ambao mara nyingi umekauka, kuta zimesimama kushoto na kulia, halafu chini kule kuna pango wazi kubwa, Cueva de la Ermita, mwamba wake una rangi ya pinki na kijani kama mtu kaupaka. Kurudi ni kupanda kulekule, na mchana jua likiwa limeingia korongoni utajua hujui. Ila watu wanakuja kwa ajili ya tumbusi. Wamejaa, wanataga kwenye vile vigenge vya ukutani, na kwa sababu njia inaanzia juu, mwanzoni unakuwa usawa mmoja nao au hata unawaona mgongoni. Mmoja alipita karibu kiasi cha kusikia upepo ukikata kwenye manyoya, mabawa ya yule ndege yakifunguka yanafika mita mbili na nusu hivi na hayapigi, ameyanyoosha tu anaelea na hewa ya moto, kichwa kinageuka polepole kukuangalia. Aisee, hiyo dakika moja peke yake ililipa safari.

Sasa vibali. El Pinsapar, Garganta Verde na kupanda El Torreón huendi tu kiholela, unaomba ruhusa kabla, idadi ya watu kwa siku ina kikomo na wikendi za majira ya machipuko zinajaa mapema. Ofisi ya wageni ya hifadhi iko kijiji cha El Bosque. Halafu kuanzia Juni mpaka katikati ya Oktoba njia hizi zinafungwa au zinabanwa kwa sababu ya hatari ya moto, na Garganta Verde nayo ina kipindi ambacho hushuki mpaka chini kwa sababu tumbusi wanalea. Mi siwalaumu kwa hilo, msitu wenyewe ukiungua hakuna mwingine. Ninacholaumu ni jinsi taarifa zinavyotolewa, kibao kinasema hivi, karatasi mlangoni inasema vile, na maelezo mengi ni ya Kihispania peke yake. Hapo ndo nusu ya ile nyota ilikoenda.

Ukikosa kibali usinune. Kuna njia ya mtoni kati ya Benamahoma na El Bosque, inafuata mto Majaceite, kama kilomita tano, kivuli mwanzo mwisho, vidaraja vya mbao, maji baridi ya kuweka miguu, na haihitaji kibali. Watoto wanaiweza, wazee wanaiweza. Nyingine ni Salto del Cabrero kati ya Grazalema na Benaocaz, hii iko wazi zaidi, malisho na mbuzi na ukuta wa mwamba uliopasuka katikati. Na kutoka Benaocaz unaweza kushuka mpaka Ubrique kwa barabara ya Warumi, ile ya mawe yenyewe, bado unaikanyaga, ingawa ikinyesha yale mawe yanateleza vibaya na viatu vya mjini vitakuaibisha.

Tuje kwenye vijiji, maana sitaki mtu aseme nimevidharau. Ukifika kwa miguu, jasho limekukaukia mgongoni, kijiji cheupe kinakuwa kitu kingine kabisa, unakiona kutoka juu kikiwa kidogo, kinakua taratibu, unaanza kusikia kengele ya kanisa na mbwa kabla hujamwona mtu. Grazalema yenyewe ina uwanja mzuri wa kukaa, mablanketi ya sufu ambayo ndo kazi yao tangu zamani, na mwamba mkubwa umesimama nyuma ya mapaa. Zahara de la Sierra ndo inayopigwa picha kuliko zote, iko kwenye mwinuko mkali, mnara wa ngome juu, bwawa la rangi ya feruzi chini. Panda mpaka mnarani, ni pumzi kidogo tu. Mwaka 1481 mfalme Mwislamu wa Granada aliiteka Zahara usiku, na tukio hilo ndo linatajwa kama lililowasha vita iliyomaliza utawala wa Waislamu Hispania mwaka 1492, ukisimama pale juu ukaangalia mabonde yote yale unaelewa kwa nini kila mtu alikuwa anakitaka hicho kilima.

Kati ya Zahara na Grazalema kuna barabara ya kupita Puerto de las Palomas, zaidi ya mita 1,000 juu, kona juu ya kona, nyembamba, dereva mwoga ampe mwingine usukani. Simama pale juu. Mandhari hayahitaji maelezo.

Kipenzi changu lakini ni Villaluenga del Rosario, hakisemwi sana, ndo kijiji kilicho juu kuliko vyote mkoa wa Cádiz, kidogo kweli, kimeegemea ukuta wa mawe ya kijivu na uwanja wao wa kupigana na ng'ombe dume wala sio duara, una kona kona. Hapo ndo unanunua jibini ya payoyo, ya maziwa ya mbuzi wa kienyeji wa milima hii. Omba uonje kabla, iliyokaa muda mrefu inauma ulimi kidogo na ndo tamu zaidi, ile laini mi naiona ya kawaida tu. Ubrique kwa upande wake ni mji wa ngozi, mikoba na pochi, viwanda vya pale vinashonea majina makubwa ya mitindo duniani, ila kama hupendi shopingi pita tu.

Chakula kwa ujumla kizuri na cha kushibisha, supu, nyama ya mawindo, trauti kule El Bosque. Saa za kula ndo zitakutesa, jikoni wanafunga mchana na usiku hawafungui mapema, na maduka mengi kati ya saa nane na saa kumi na moja hivi milango imeshushwa, kijiji kimelala. Mtu umetoka mlimani saa tisa na nusu na njaa yako unakutana na viti vimepinduliwa juu ya meza. Beba mkate na jibini begini. Mgahawa mmoja pale uwanjani, sitautaja, ulituletea mkate na zeituni ambazo hatukuagiza, tukajua ukarimu, kumbe viko kwenye bili, na mhudumu alipoulizwa akainua mabega. Euro chache sio hoja, hoja ni ile dharau. Nusu ya nyota iliyobaki nimeikata hapo.

Nendeni Aprili, Mei, au baada ya katikati ya Oktoba, siku za katikati ya wiki, mlale kijijini na sio mjini Ronda, maana saa moja asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika ile milima ni yenu na mbuzi. Vyumba vinakuwa baridi kuliko mnavyofikiria, nyumba hizi zimejengwa kuzuia joto, kwa hiyo ulizeni kama hita inawaka kabla hamjalipa. Na kama siku ya mwisho mvua imewakamata, pango la La Pileta kule Benaoján lina michoro ya watu wa kale, kuna samaki mkubwa mweusi amechorwa ndani kabisa, mnaingia kwa vikundi vidogo na mwongozaji na taa, picha hazipigwi, wekeni nafasi mapema.