Gitaa la Umeme Lililochakazwa Makusudi: Lipi Ulitangulize, Lipi Uliache

Anayenunua gitaa lililochakazwa kiwandani analipia vitu viwili kwa pamoja. Kimoja anakiona: rangi iliyobanduka, vyuma vilivyofifia, michubuko mgongoni. Kingine anakigusa: shingo isiyonata kiganjani, kingo za ubao wa vidole zilizolainishwa, ncha za freti (vijiti vya chuma vilivyopandwa kwenye ubao huo) zisizokwaruza. Bei hupanda zaidi kwa sababu ya kile cha kwanza, ilhali cha pili ndicho kitakachokurudisha kwenye gitaa hilo kila jioni. Orodha hii imepangwa kwa kufuata mkono, na macho yamepewa nafasi ya pili.

Elewa rangi kabla ya kutoa pesa

Uchakavu mzuri huanzia kwenye aina ya rangi. Laka ya nitroselulosi (nitro) hukauka kwa kuvukiza kiyeyusho chake, na huendelea kusinyaa na kuwa ngumu kwa miaka mingi. Mbao iliyo chini yake hutanuka na kunywea kwa joto na unyevu. Laka ikishakakamaa hushindwa kuifuata mbao, ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Inapoguswa sana na mkono wenye jasho hulainika na kuliwa taratibu: kwanza mng'ao, kisha rangi, kisha rangi ya msingi, mwisho mbao yenyewe.

Poliesta hukauka kwa mmenyuko wa kikemikali na kuwa ganda gumu, wakati mwingine nene kupita nusu milimita. Ganda hilo haliliwi na jasho. Likigongwa linaruka kipande kizima na kuacha ukingo mkali kama wa kioo. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilihamia poliesta kuanzia 1968, ndiyo maana gitaa lake la miaka ya 1970 lililopigwa kila wiki huchakaa kwa sura tofauti kabisa na la 1960. Ukiona poliesta iliyosuguliwa kwa msasa ili ifanane na nitro, jicho litagundua kasoro hata kabla hujajua ni nini.

Muulize muuzaji maswali mawili: juu kuna rangi gani, na chini yake kuna nini? Baadhi ya magitaa huuzwa kama nitro huku tabaka la msingi likiwa poliesta. Hilo halina ubaya kwa sauti. Ila nitro ya juu ikiisha utakuta plastiki inayong'aa, na uchakavu wako wa kweli utakomea hapo.

1. Gitaa lililotumika, lenye nitro na uchakavu wa kweli

Hili ndilo chaguo la kwanza kwa anayejua kukagua. Tafuta la miaka kumi hadi ishirini, lenye nitro, lililopigwa hasa badala ya kutundikwa ukutani. Shingo itakuwa imeshalainika yenyewe, mbao imeshatulia, na michubuko ya mwanzo, ile inayouma roho, imeshaingia kwa mkono wa mtu mwingine.

Hatari yake kubwa ni freti. Freti mpya huwa na kimo cha takriban mm 1.0 hadi 1.4 kutegemea aina. Zikiteremka chini ya mm 0.7 utaanza kuhangaika kuvuta nyuzi, na kusawazisha mara moja tu kunaweza kula mm 0.1 au zaidi. Kwa hiyo gitaa lenye mabonde kwenye freti ya 1 hadi ya 5 lihesabie gharama ya kubadilisha freti zote. Kwenye shingo ya mepo (mbao ya maple) iliyopakwa laka kazi hiyo ni ghali zaidi, maana ubao wa vidole nao utahitaji kupakwa upya.

Angalia pia chuma cha ndani ya shingo. Mwombe muuzaji akizungushe robo mzunguko mbele yako. Kikiwa kimekaza hadi mwisho na shingo bado imepinda, ondoka. Kipimo cha kulenga ni upinde wa mm 0.25 hivi kwenye freti ya 7 au ya 8, uzi ukiwa umebanwa freti ya kwanza na ile ya mwisho.

2. Lililochakazwa kidogo kiwandani

Custom Shop ya Fender, karakana yake ya magitaa maalumu, ilianzishwa 1987, na magitaa yake ya kwanza ya Relic, yaani yaliyochakazwa makusudi, yalitoka 1995. Ngazi zake kuu huenda hivi: NOS ni kama jipya; Closet Classic ni kama lililokaa kabatini; Journeyman Relic limetumika kwa uangalifu; Relic limepigwa hasa; Heavy Relic limeteswa. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, nayo ilianzisha Murphy Lab 2021, ikiongozwa na Tom Murphy, yenye ngazi kutoka Ultra Light hadi Ultra Heavy.

Chukua ngazi za chini: Journeyman, Closet Classic, Ultra Light au Light. Sababu ni tatu. Kazi ya mikono kwenye shingo, yaani kingo zilizolainishwa na mgongo uliosuguliwa, hupatikana hata hapo, na hiyo ndiyo sehemu unayoigusa. Pili, nafasi bado ipo ya alama zako mwenyewe. Gitaa lililochubuliwa nusu ya rangi halibadiliki tena. Utakaa nalo miaka kumi na historia yake itabaki ile iliyobuniwa na fundi. Tatu, ukitaka kuliuza, wanunuzi wa gitaa lenye nyufa chache ni wengi kuliko wa lile lililobaki mbao tupu.

Namna ya kutambua kazi nzuri: nyufa za laka halisi hupindapinda, huachana na kukutana bila mpangilio, na huvuka mwili mzima. Zilizochorwa kwa wembe hunyooka, hulingana nafasi, na huishia ghafla karibu na vifaa kwa sababu fundi hakuvifungua. Mbao iliyo wazi iwe nyeusinyeusi kwa uchafu na mafuta ya ngozi. Ikiwa nyeupe kama ya jana, fundi alisugua na kukimbia. Kuna pia mantiki ya mwili. Rangi huisha pale mkono wa mbele unapolalia, pale chuma cha mkanda wa suruali kinapogusa mgongo, na kwenye kingo. Stratocaster (modeli ya Fender) ya 1961 ya mpiga gitaa Rory Gallagher, ambayo jasho lake liliivua karibu rangi yote, ndiyo mfano unaoigwa zaidi, na ndiyo inayokosewa zaidi: waigaji huondoa rangi hata mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

3. Mafundi wadogo wanaounganisha vipande

Hawa hununua miili na shingo, hupaka nitro, huchakaza, kisha huunganisha. Mizani kati ya kazi na bei mara nyingi ni nzuri hapa kuliko popote, na unaweza kuchagua unene wa shingo, mviringo wa ubao wa vidole (nusu kipenyo cha upinde wake) na pikapu (vinasa sauti vya sumaku).

Chagua kwa makini huo mviringo. Wa inchi 7.25, kama wa zamani, ni mtamu kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ila ukiteremsha nyuzi chini na kuvuta uzi kwenye freti za juu, sauti inakatika. Wa inchi 9.5 hupunguza tatizo hilo bila kupoteza hisia ya ukale. Uzito nao uulize kwa tarakimu: mwili wa Stratocaster au Telecaster ukifanya gitaa zima kupita kilo 3.8, bega litakuambia.

Thamani yake sokoni huanguka haraka, kwa kuwa mnunuzi wa pili hamjui fundi wako. Nunua ukiwa na nia ya kukaa nalo.

4. Laini za kiwandani za bei ya kati

Fender ilianza Road Worn 2009, zikitengenezwa Meksiko kwa nitro. Uchakazaji wa namna hii hufuata mchoro mmoja, hivyo magitaa mawili ya toleo moja yanaweza kuwa na chubuko lilelile mahali palepale. Kwa anayejali mkono tu, shingo zake hupendeza. Jaribu mawili au matatu ya aina moja, maana tofauti ya uzito na ya ncha za freti ni kubwa kuliko unavyotarajia.

5. Lililoteswa sana

Heavy Relic na ndugu zake. Ukilipenda kwa moyo, lichukue; ni sanaa, na wapo mafundi wanaoifanya kwa ustadi wa kushangaza. Kwa kupiga tu halikupi chochote ambacho namba 2 haikupi.

Hapa ndipo pia ukaguzi wa vyuma unapokuwa wa lazima. Vyuma huzeeshwa kwa mvuke wa asidi au kwa kloridi ya feri, na asidi isiyosafishwa vizuri huendelea kula. Fungua skrubu ndogo za kupandisha nyuzi kwenye daraja, kila moja, kwa ufunguo wake wa pembe sita (inchi 0.050 kwa nyingi za Marekani, mm 1.5 kwa nyingi za kwingineko). Ikigoma hata moja, hutaweza kurekebisha kimo cha uzi huo. Zungusha kila kigingi cha kukazia uzi. Kutu ikae juu tu, isiingie kwenye meno.

Pikapu ndizo za kuogopewa zaidi. Kwenye koili moja za mtindo wa zamani, waya wenye unene wa mm 0.06 hivi hufungwa moja kwa moja juu ya sumaku. Sumaku ikitiwa asidi, kutu hutambaa hadi kwenye waya na kuukata. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua sauti yote, upime ukinzani kwa multimita kwenye ncha ya pili ya kebo. Stratocaster husoma takriban kilo-omu 5.5 hadi 7, pikapu za koili mbili za mtindo wa zamani 7 hadi 8.5. Tofauti ya pikapu moja na nyingine si shida. Ikisoma mamia ya kilo-omu, koili imekatika na unachokisoma ni poti (kifaa kilicho chini ya kitasa cha sauti) tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

6. Kujichakazia mwenyewe gitaa la bei nafuu

La mwisho kama biashara, kwa kuwa mara nyingi ni poliesta, dhamana inapotea, na thamani hushuka kwa mkwaruzo wa kwanza. Vumbi lake pia ni baya kwa mapafu, usilisugue bila barakoa ya vumbi.

Shingo peke yake lakini inastahili dakika ishirini zako. Ondoa nyuzi, ziba pikapu kwa utepe wa karatasi. Sugua mgongo wa shingo kwa msasa wa 600, kisha 1000, mpaka mng'ao uishe. Usifike kwenye mbao. Kwa kingo za ubao wa vidole, tumia shina la bisibisi lililo laini na la mviringo, ukilivuta kwa nguvu kati ya freti na freti. Steel wool (pamba ya chuma) iache kabisa: chembe zake hunaswa na sumaku za pikapu na hazitoki.

Likiuzwa kama la kale hasa

Bei ikiwa ya gitaa la kale, fungua kibati cha mbele na usome poti. Namba 1376618 maana yake ni kiwanda cha CTS (137), mwaka 1966, wiki ya 18. Tarehe ya poti haiwezi kuwa ya baadaye kuliko ya gitaa, na risasi ya kulehemu iliyovurugwa ina maana kwamba mtu aliigusa. Washa taa ya urujuanimno: nitro ya zamani hung'aa kwa rangi ya kijani-njano, mpya kwa kawaida haing'ai hivyo. Bamba la shingo lenye namba inayoanza na R au CZ ni la Custom Shop, hata michubuko iseme nini.

Ukishalifikisha nyumbani

Nitro haipatani na mpira. Stendi na mikanda yenye mpira au viniili huiyeyusha na kuacha alama isiyotoka, basi funika mikono ya stendi kwa kitambaa cha pamba. Na likitoka kwenye baridi kali kuingia penye joto, liache ndani ya boksi lililofungwa saa tatu au nne kabla ya kulifungua, la sivyo litapasuka nyufa ambazo hukuzilipia.