Kliniki ya Kabla ya Mimba: Nilichokipata kwa Shilingi 150,000

Mimi na mume wangu tulipokubaliana kwamba wakati wa kutafuta mtoto umefika, nilikuwa na umri wa miaka 31, nikitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na akiba yetu yote ilikuwa hisa zangu za kikoba pamoja na fedha kidogo tulizoziweka kwa dharura. Kwetu watu wengi huanza kujiandaa mimba ikishaingia. Kumzungumzia mtoto kabla ya hapo huonekana ni uchuro. Kwa hiyo nilivutiwa sana nilipoona kwamba kituo kimoja binafsi cha afya hapa Dar es Salaam kinatoa kifurushi cha maandalizi ya ujauzito kwa wanandoa, chenye mahudhurio matatu kwa shilingi 150,000: siku ya vipimo, siku ya ushauri wa afya na lishe, na siku ya mipango ya fedha. Sasa nina ujauzito wa wiki 31, nami nimeweza kulinganisha waliyoniambia pale na yaliyonikuta baadaye. Jina la kituo silitaji, kwa sababu malalamiko yangu nimeyapeleka kwao wenyewe.

Siku ya kwanza ilinipa imani. Mume wangu hakupokelewa kama msindikizaji wa kukaa kwenye benchi na kushika mkoba. Naye alitolewa damu, akaulizwa kuhusu kazi yake ya kupaka rangi magari na kemikali anazozivuta, akashauriwa avae barakoa na akome kurudi nyumbani na nguo za kazini. Sote tulipimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B, kundi la damu na selimundu (sikoseli). Mimi nikaongezewa kipimo cha wingi wa damu, sukari, mkojo na shinikizo la damu. Kipimo cha selimundu ndicho kilichotufungua macho, kwa kuwa mume wangu, mtu mwenye afya ambaye hajawahi kulazwa, alionekana amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Daktari alichukua karatasi akatuchorea: kama na mimi ningekuwa nacho, kila mimba ingekuwa na uwezekano wa robo wa kumpata mtoto mgonjwa, lakini kwa kuwa mimi sina, mtoto anaweza kurithi kinasaba lakini hataugua selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na bado wanandoa wengi hupimwa mtoto akishaanza kuvimba vidole na kulia usiku kwa maumivu. Kwa kipimo hicho peke yake sikujutia fedha yetu.

Siku ya pili tulikaa na muuguzi kwa zaidi ya saa moja. Nilikwenda na kopo la vidonge vya asidi ya foliki nilivyovinunua mwenyewe duka la dawa, nikiamini nimeshajiandaa. Alimimina vidonge viwili vya njano kiganjani, akageuza kopo na kunionyesha maandishi: miligramu 5. Kisha akaweka pembeni yake kidonge chekundu chenye madini ya chuma na asidi ya foliki ya miligramu 0.4, akasema, “Dada, hiki kidogo ndicho chako.” Alinieleza kwamba kile cha miligramu 5 huandikiwa wenye sababu maalumu, kama vile mwenye selimundu au mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, na kwamba nikiendelea nacho hadi ujauzitoni kinaweza kupunguza nguvu ya dawa ya SP ambayo wajawazito humezeshwa kujikinga na malaria.

Alieleza pia kwa nini hakutaka ningoje mimba. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takriban siku 28 tangu mimba itungwe, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanaanza kushangaa kwamba siku zao zimechelewa. Mama anayeanza vidonge siku ya kwanza ya kliniki, akiwa na miezi mitatu au minne, anavimeza mfereji ukiwa umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Unga wa ngano wa viwandani huongezwa kirutubisho hiki, lakini nyumbani kwangu tunakula ugali wa mahindi tunayosagisha mashine ya mtaani, ambao hauna nyongeza hiyo. Nimewahi kukaa na jirani yangu Muhimbili akisubiri mwanawe mwenye kichwa kikubwa na mgongo wazi afanyiwe upasuaji, kwa hiyo maneno ya muuguzi yule hayakuwa nadharia kwangu.

Wingi wa damu yangu ulikuwa 9.8, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Hapa ushauri ulikuwa wa mtu anayeyajua majiko yetu. Hakuniagiza kununua vyakula vya dukani vya bei kubwa. Aliniuliza jana nilikula nini, nikamwambia ugali, dagaa na mchicha, kisha chai ya rangi. Akasema chakula ni kizuri lakini chai ndiyo inayokiharibu, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. “Chai usiiache, isogeze tu,” alisema, na tangu hapo nimekuwa nikiinywa saa moja au zaidi baada ya kula, na dagaa nazikamulia limau. Aliniuliza bila kunihukumu kama nakula udongo. Nilikuwa nakula. Alinieleza kwamba hamu ile mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na kwamba udongo wenyewe huzidi kuzuia chuma na unaweza kuwa na minyoo au madini ya risasi. Baada ya miezi mitatu ya vidonge na mpangilio huo damu ilipanda hadi 11.9, na hamu ya udongo iliondoka yenyewe.

Kuhusu sindano ya uzazi wa mpango, nilipokuwa nikichomwa hapo awali hakuna aliyenieleza kwamba baada ya kuiacha, mimba inaweza kuchelewa kwa miezi mingi bila kuwapo tatizo lolote. Muuguzi huyu alinieleza, akanishauri kwamba kama tunataka kungoja kidogo damu ikae sawa tutumie kondomu badala ya kuchoma nyingine. Mimba iliingia mwezi wa tisa tangu sindano ya mwisho. Nisingeambiwa mapema, ninaamini miezi hiyo ingekuwa ya machozi na maneno ya mawifi.

Sasa niseme palipoharibika. Katika karatasi yangu ya majibu, kundi la damu liliandikwa O hasi. Siku ile tulisomewa majibu yote mfululizo, tukafika hapo, tukaambiwa kila kitu kipo sawa. Takriban miezi kumi baadaye, katika kliniki ya wajawazito ya kituo cha serikali, muuguzi aliisoma karatasi hiyohiyo, akanitazama, akauliza kundi la baba wa mtoto. Ni B chanya. Akanikalisha chini akanieleza kwamba mama mwenye damu hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoishambulia damu ya mtoto wa mimba zinazofuata. Kwamba ipo sindano ya kuzuia hilo, ambayo huchomwa karibu na wiki ya 28 na kurudiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ana damu chanya. Na kwamba inaweza kuhitajika hata mimba ikiharibika. Watu wenye damu hasi ni wachache kwetu, kwa hiyo dawa hiyo haipatikani kila mahali na bei yake si ndogo. Sindano moja ilikaribia bei ya kifurushi kizima nilicholipia. Ninalichukulia hili kuwa kosa kubwa, maana kazi yote ya huduma ya namna hii ni kumwambia mtu jambo lake kabla halijamfika, na jambo langu lililo zito kuliko yote lilikuwa limeandikwa mbele yao tangu siku ya kwanza. Kama mimba ile ingeharibika kabla ya hapo, ningekwenda nyumbani bila kujua kwamba huenda ninahitaji sindano.

Siku ya tatu, ya fedha, ilikuwa dhaifu. Tulipewa karatasi iliyochapwa vizuri yenye orodha ya kitanda cha mtoto, kigari cha kusukuma, mashine ya kuchemshia chupa na kamera ya kumwangalia mtoto akilala. Sisi tunaishi chumba na sebule. Katika ukurasa mzima hakukuwa na mstari wa vifaa vya kujifungulia, wala wa bajaji ya saa nane za usiku, wala wa siku ambazo mume anayelipwa kwa kazi aliyoifanya atakaa hospitali bila kuingiza chochote, wala wa fedha za akiba kama itaonekana lazima mama apasuliwe. Kwa sera yetu, huduma za wajawazito katika vituo vya serikali ni bure, lakini kila aliyejifungua anajua kwamba utaulizwa glovu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, beseni na kanga safi.

Zaidi ya hayo, hawakuuliza chochote kuhusu ajira yangu. Nimeajiriwa katika kampuni binafsi, na fao la uzazi la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, linamtaka mwanachama awe na michango isiyopungua 36, ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Aliyeniambia hilo ni mwenzangu wa kikoba. Nilipoomba taarifa ya michango mwezi ule wa vipimo, nilikuta miezi 17 tu, wakati nilikuwa nimekatwa mshahara kwa miezi 21. Nilifuatilia kwa mwajiri kwa barua mbili hadi miezi minne iliyokosekana ikalipwa. Bila hivyo ningefika mwezi wa kujifungua nikiwa na michango 33 na kukosa fao. Kwenye karatasi ya kliniki ningetamani kuona pia kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwamba anatakiwa amjulishe mwajiri miezi mitatu kabla ya kujifungua akiambatanisha cheti cha daktari. Mambo haya hayagharimu chochote kuyaandika, nayo yana thamani kubwa kuliko kigari cha kusukuma.

Bajeti yetu ya kweli tuliitengeneza mezani kwa mama mdogo, aliyejifungua watoto watano. Alituambia tununue kidogo kidogo kuanzia mwezi wa tano wa ujauzito, kwanza vifaa vya hospitali, kisha nguo chache kwa kuwa mtoto hukua haraka na watu wataleta. Jumamosi moja tulikwenda naye Kariakoo, na kwenye duka la vifaa vya hospitali akaikunjua mipira ya kutandika mmoja baada ya mwingine, akiivuta kona na kuinua kwenye mwanga, akikataa mwembamba unaoonyesha vidole upande wa pili. Begi lipo tayari nyuma ya mlango. Sindano ya wiki ya 28 niliilipia kwa mkopo wa kikoba, na ya pili tumeshaitengea fedha, duka tunalijua, na namba ya bajaji anayelala mtaa wetu ipo kwenye simu zetu zote mbili.

Kwa mwenye uwezo wa kulipa, ninaipendekeza huduma hii kwa siku ya kwanza na ya pili, hasa kwa wanandoa ambao hawajawahi kupimwa selimundu na kwa mwanamke anayetoka kwenye sindano. Aende na daftari, aombe nakala ya majibu yote, na asiondoke kabla ya kuelezwa kila mstari, ukiwamo wa kundi la damu. Asiyekuwa na uwezo anaweza kuomba vipimo hivyo kimoja kimoja katika hospitali ya serikali na kuanza vidonge vyake miezi mitatu kabla. Siku ya tatu, nimewaandikia kituo, waifute au waiandike upya kwa kukaa na akina mama wa vikoba. Mganga mfawidhi alinipigia simu akaomba radhi kuhusu kundi la damu, akasema sasa jibu la hasi litaandikwa kwa wino mwekundu na kuelezwa ana kwa ana.

Mdogo wangu atakwenda pale mwezi ujao na mchumba wake, na karatasi yake ya majibu nimemwambia aniletee niisome.